Kuzoeza Akili kwa Maswali

Hotuba ya katekista kwa walimu na wazazi wa Katumba, katika mwaka wa jubilei ya Jimbo



Jimbo letu la Mpanda lilizaliwa mwaka 2000, lilipotengwa na Jimbo la Sumbawanga, na sasa limetimiza miaka 25. Katika shughuli za jubilei hii vigango vyetu vimeagizwa kuwafanyia watoto mashindano ya chemsha bongo, yaani maswali ya lugha, maswali ya sayansi, na maswali ya kufikiri. Nami nimeombwa niseme machache juu ya namna ya kuyaendesha.

Neno langu ni moja tu, nalo ni hili: mtoto akitoa jibu, aulizwe sababu yake, na sababu ipewe alama nyingi kuliko jibu lenyewe. Najua wako watakaonung'unika kwamba jambo hilo litachukua muda mrefu, na watoto ni wengi, na jua huchwa upesi. Ni kweli, litachukua muda. Lakini nawaomba mnisikilize kwanza, kisha mtaamua.

Basi, nianze nyumbani. Wazee wengi wa hapa Katumba walifika baada ya machafuko ya mwaka 1972 katika nchi ya Burundi. Walipewa pori, wakalifyeka, wakalilima, wakajenga. Mwaka 2010 wengi wao pamoja na watoto wao walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania, na mwaka 2014 wakaanza kupokea hati zao. Hivyo mtoto wa hapa husema Kirundi jikoni kwa mama yake, husoma Kiswahili darasani, na akienda sekondari hukutana na Kiingereza. Watu hudhani jambo hilo ni mzigo tu. Mimi naona ni mali pia, maana mtoto huyo amekwisha kuzoezwa akili tangu utotoni kwa lugha mbili. Jioni bibi husema, "Sokwe!" nao wajukuu huitikia, "Niruze!" Na jirani yake, aliyezaliwa katika Kiswahili, husema, "Kitendawili!" nao hujibu, "Tega!" Mchezo ni ule ule. Wazee wetu hawakuwa na karatasi za mitihani, lakini walijua kwamba akili hunolewa kwa kuulizwa.

Lakini angalieni jambo moja. Kitendawili cha nyumba isiyo na mlango kila mtoto akijua, ni yai. Je, amefikiri? Hata kidogo, amekumbuka tu. Kasuku naye hukumbuka. Mtoto aliyefikiri ni yule wa kwanza aliyekisikia, asijue, akaanza kuzunguka akilini mwake akitafuta kitu kilichofungwa pande zote. Kwa hiyo mimi katika mafundisho yangu nimezoea kuwaambia watoto watunge vitendawili vyao wenyewe. Siku moja binti mmoja mdogo alisimama akasema, "Nina nyoka anywaye kwa mkia na kutema mwanga kwa kinywa." Wenzake wakahangaika sana. Wengine wakasema radi, wengine wakasema gari la moshi, kwa kuwa reli ya Mpanda yapita hapa kwetu. Jibu lilikuwa utambi wa kibatari, yaani koroboi: mkia umo katika mafuta, kinywa kinawaka juu.

Tulipokwisha kucheka nikawauliza, "Mafuta hupandaje? Maji hayapandi mlima, mbona mafuta ya taa hupanda utambi?" Wakanyamaza. Nami sikuwaambia. Niliwaagiza wachukue bakuli mbili, moja ijazwe maji, ya pili iwe tupu na iwekwe chini kidogo. Kisha wachukue kitambaa cha pamba, ncha moja waizamishe katika maji, na ncha ya pili waininginize katika bakuli tupu. Kesho yake wakaja mbio: maji yamehama! Ndipo tukasema habari ya nafasi nyembamba zilizo kati ya nyuzi, jinsi maji yanavyoshikamana na nyuzi hizo na kujivuta juu kidogo kidogo. Kijana mmoja akasema, "Ndiyo maana ukuta wetu wa tofali huwa na unyevu kwa chini, ijapokuwa mvua haiupigi." Ndiyo, ni jambo lile lile: udongo una nafasi ndogo ndogo, na maji ya ardhini hupanda ndani yake. Yule kijana hakuwa amesoma jambo hili katika kitabu cho chote. Kwa kitendawili kimoja tu tulifanya lugha, na sayansi, na kufikiri, wala hatukutumia hata senti moja.

Sasa tuje kwenye mtihani, maana najua mioyo ya wazazi iko huko. Mtoto akifaulu mtihani wa kumaliza shule ya msingi huenda mbele. Asipofaulu hurudi shambani, na mama yake hulia. Kwa hiyo wazazi hulipa fedha za masomo ya ziada, na katika masomo hayo mara nyingi watoto hupewa karatasi za miaka iliyopita, wakakariri: swali la tatu ni B, swali la nne ni D. Nimewasikia kwa masikio yangu watoto wakiimba herufi hizo kama litania.

Sikatai maswali ya kuchagua. Yana faida yake: husahihishwa upesi, tena bila upendeleo. Lakini tupige hesabu kidogo. Karatasi ikiwa na maswali 50, na kila swali lina herufi tano, mtu asiyejua neno lo lote, akiweka alama ovyo, kwa wastani atapata maswali 10. Hata kipofu wa elimu hupata 10! Mwingine, ambaye katika kila swali aweza kuondoa majibu matatu yasiyofaa, abakiwe na mawili, atapata kama 25. Huyu wa pili amefikiri, nasi tumsifu. Lakini karatasi haituambii ni yupi aliyefikiri na ni yupi aliyepata bahati. Mwaka 2012 ilijulikana wazi katika nchi yetu kwamba maelfu ya watoto waliochaguliwa kuingia sekondari hawakujua kusoma wala kuandika. Tena watu wa Uwezo, walioanza mwaka 2010 kupita nyumba kwa nyumba Tanzania wakiwapima watoto, waliona kwamba wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya darasa la pili. Wala shida hii si ya jana. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alikwisha kusema kwamba mitihani hupima uwezo wa mtu kujifunza mambo na kuyatoa anapotakiwa, wala haifaulu kila mara kupima nguvu yake ya kufikiri.

Nitoe mfano mmoja, mwone tofauti. Swali lasema: Kati ya hawa, yupi si mdudu: siafu, nyuki, buibui, panzi, kipepeo? Jibu ni buibui. Mtoto aliyekariri hujibu buibui, hupata alama yake, naye hukaa. Sasa mwulize, "Kwa nini?" Ajuaye atasema, "Mdudu ana miguu sita, na buibui ana minane." Vema. Kisha mwulize habari ya kupe anyonyaye damu ya ng'ombe. Yule aliyekariri hana la kusema, maana kupe hakuwamo katika karatasi. Lakini mwenye sababu atakwenda zizini, atamkamata kupe mkubwa, atamhesabu miguu, ataona minane, naye atasema kupe ni ndugu wa buibui. (Mwalimu mwangalifu atawaonya kwamba kupe mchanga aliyetoka katika yai ana miguu sita tu, wa nne hutokea baadaye kila upande; mtoto akimkamata huyo, apate mgogoro mzuri wa kufikiria.) Jibu la kukariri hufungua mlango mmoja. Sababu hufungua hata milango ambayo mwalimu hakuitaja.

Katika lugha yafaa tuanzie palipo na kidonda chetu wenyewe. Kirundi hakina L kama ya Kiswahili. Husema kurima mahali tusemapo kulima. Kwa hiyo watoto wetu, na baadhi ya wazee wetu pia, huchanganya R na L, nao huchekwa huko mjini. Nimeona mtoto mwenye akili nyingi akikataa kusoma mbele ya watu kwa hofu ya kicheko hicho. Walimu wangu, msimcheke, wala msimchape. Mpeni maneno mawili mawili, aone kwamba herufi moja hugeuza maana. Kalamu ni ya kuandikia, karamu ni ya kula wali. Mahali ni pale mtu alipo, mahari hulipwa kwa wazazi wa bibi arusi. Tunakula chakula, tunapiga kura. Mwambieni mtoto atunge habari moja yenye maneno haya yote, kwa mfano mtu aliyesahau kalamu penye karamu siku ya kulipa mahari, na wenzake wasikilize kama kila neno limekaa mahali pake. Watacheka, lakini watakuwa wakiicheka habari, wala hawatamcheka mwenzao. Kisha mwulizeni mwenye Kirundi awafundishe wengine jinsi lugha yake isemavyo. Naye siku hiyo atakuwa mwalimu.

Katika sayansi nataka kusema juu ya jibu moja linalojulikana na wote, nalo hapa kwetu si sawasawa. Ukiuliza, "Maji huchemka kwa nyuzi ngapi?" watoto wote hupiga kelele, "Mia!" Naam, mia ni kweli huko Dar es Salaam na Bagamoyo, pwani ya bahari. Lakini nchi yetu ya Mpanda iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,000 kidogo, na hapa maji huchemka yapata nyuzi 96 au 97. Ukipanda Ufipa, kule Sumbawanga, huchemka kwa nyuzi chache zaidi. Na juu kabisa ya Kilimanjaro, mita 5,895, huchemka yapata nyuzi 80. Sababu ni hewa. Hewa ina uzito, nayo hukandamiza maji. Kadiri mtu anavyopanda, hewa iliyo juu yake hupungua, na maji hupata nafuu ya kuchemka mapema, kabla hayajawa na moto mwingi. Akina mama waliohamia nchi za milimani wanalijua jambo hili kwa kuni zao, ijapokuwa hawakusoma sayansi: maharage hukawia kuiva. Maji yanatokota sana, lakini hayana moto wa kutosha. Kwa hiyo mtoto wa Katumba akisema "mia," mwulizeni, "Wapi?" Hilo neno moja, "wapi," ni sayansi nusu nzima.

Vivyo hivyo habari za nchi. Watoto wetu hukariri kwamba Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, nalo ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi. Ni vema walijue, maana ni ziwa letu. Lakini waulizeni: Mbona Ziwa Rukwa, lililo jirani, ni la maji machache yenye magadi, na Tanganyika ni la maji matamu? Wafuateni maji kwa kidole katika ramani. Maji ya Tanganyika yana njia ya kutokea, ni mto Lukuga, yakaingia Kongo. Mto wetu Katuma hupita mbuga ya Katavi, na maji yake huelekea Rukwa. Na Rukwa halina njia ya kutokea, maji yake huondoka kwa jua tu, nayo magadi hubaki nyuma kama chumvi katika sufuria iliyokauka. Mtoto aliyeona sufuria hiyo jikoni hana haja ya kukariri.

Sasa juu ya maswali ya kufikiri. Ninyi nyote mwakijua kile kisa cha mtu mwenye chui, mbuzi na mzigo wa majani, aliyefika mtoni akakuta mtumbwi uwezao kumchukua yeye na kitu kimoja tu. Akimwacha chui na mbuzi, mbuzi ataliwa. Akimwacha mbuzi na majani, majani yataliwa. Avushe vipi? Wengi hudhani kisa hiki ni cha kwetu tu. Lakini Ulaya nako kimo katika mkusanyo wa kale wa mafumbo ya kunoa akili za vijana, unaosemwa kuwa wa Alcuin, mwalimu aliyetumika katika nyumba ya mfalme Charlemagne, aliyekufa mwaka 804. Huko mnyama ni mbwa-mwitu, na badala ya majani ni kabichi. Basi kwa miaka zaidi ya elfu moja watu wamehangaika na mbuzi huyu.

Ugumu wake uko wapi? Hauko katika safari ya kwanza. Kila mtoto aona kwamba mbuzi lazima atangulie. Ugumu uko katikati, pale mtu anapotakiwa kumrudisha mbuzi ng'ambo aliyokwisha kumtoa. Moyo wa mtu hukataa. Aona kurudi nyuma ni hasara. Na watoto wengi hukwama hapo hapo, si kwa ujinga, ila kwa sababu hawataki kuharibu kazi waliyokwisha kuifanya. Anayeweza kusema, "Nitamrudisha, kwa kuwa kwa njia hiyo tu nitafika," amejifunza neno litakalomfaa katika hesabu, na katika kulima, na katika kupatana na jirani.

Tena kisa hiki kina njia mbili. Baada ya mbuzi, mtu aweza kumchukua chui, amrudishe mbuzi, achukue majani, kisha amfuate mbuzi. Au aweza kuanza na majani, na chui afuate baadaye. Zote mbili ni safari saba, zote mbili ni sahihi. Lakini nalipata kuwapo mahali fulani, sitapataja, ambapo msimamizi wa mashindano alikuwa na karatasi ya majibu mkononi. Kijana akaanza na majani. Karatasi ilisema chui. Msimamizi akasema, "Umekosa, kaa." Kijana akajaribu kueleza, akaambiwa tena, "Kaa." Akakaa. Mwaka uliofuata hakuja kushindana, na nilipomwuliza alinijibu, "Mwalimu, pale hawataki ufikiri." Wapendwa, hilo ndilo linaloniumiza. Kukosa swali si kitu. Kila mtu hukosa. Lakini kijana aliyefikiri vema akarudishwa chini na karatasi, huyo tumemfundisha kwamba akili yake haina faida. Nasi baadaye twalalamika kwamba vijana hawana hoja!

Na wazazi mkidhani kwamba mambo haya ni michezo ya watoto, nitawauliza swali la sokoni. Tuseme gunia la mahindi hujazwa kwa debe sita. Mnunuzi anakuja na magunia yaliyoshonewa kilima kwa juu, ile lumbesa mnayoijua, iliyokatazwa na sheria ya vipimo. Kila gunia sasa linameza debe saba. Mkulima ameuza magunia 12 kwa bei ya gunia la kawaida. Amempa mnunuzi magunia mangapi bure? Hesabuni. Debe moja katika kila gunia, magunia 12, ni debe 12. Nazo ni magunia mawili kamili. Magunia mawili ni sare za shule, na madaftari, na viatu. Niliwapa watoto swali hili, na mtoto mmoja akenda nyumbani akamwuliza baba yake kwa nini anagawa magunia. Baba alikasirika, kisha akaja kwangu tukahesabu pamoja.

Katika nchi yetu hii ya Katavi alikuwako mtu ambaye napenda vijana wamjue. Adrian Atiman alizaliwa Afrika ya Magharibi, akatekwa utotoni akauzwa mtumwa, akakombolewa na Mapadre Weupe, akafunzwa uganga huko Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akiwa katekista na mganga, akawatibu watu huko hata alipokufa mwaka 1956. Nifikiripo kazi yake, huona jambo moja: mgonjwa haji na herufi tano kifuani. Haji na A, B, C, D, E, mganga achague. Huja na homa, na mganga hana budi kuuliza, na kupapasa, na kuondoa hili, na kubakiza lile, na kujua kwa nini. Watoto wetu nao, wakiwa waganga, au mafundi, au wakulima, au akina mama wenye mtoto mgonjwa usiku, watakutana na maswali yasiyo na herufi.

Kwa hiyo naomba mashindano yaendeshwe hivi. Maswali yasiwe mengi. 12 yatosha kwa siku moja. Kila jibu lipewe alama moja, na sababu yake alama mbili. Mtoto akileta njia ambayo haimo katika karatasi, wasimamizi wasimwambie akae. Wajaribu njia yake mbele ya watu wote, hata kwa mawe na majani pale chini. Mtoto akisema, "Sijui, lakini naweza kulijaribu hivi," naye apewe alama moja, maana huyo yu karibu. Kirundi kiruhusiwe katika kueleza sababu, na mwenzake afasiri kwa Kiswahili. Mfasiri apate alama yake pia. Na karatasi ya majibu ishikwe na watu wawili, si mmoja.

Nawaachia maswali mawili, wakubwa kwa wadogo. La kwanza: mtu ana madumu mawili, moja la lita tano na moja la lita tatu, hayana alama yo yote, yuko kisimani, naye ataka lita nne kamili. Afanyeje? La pili: kwa nini chungu cha udongo hupoza maji kuliko ndoo ya bati, ijapokuwa vyote viwili vimewekwa katika kivuli kimoja? Majibu pamoja na sababu zake yaandikwe, na asiyejua kuandika aandikiwe na mtoto wake, nayo yapelekwe kwa katekista wa kigango chenu kabla ya Jumapili ijayo.